Waja leo, waondoka leo: orodha ya matajiri weusi ikisomwa kutoka Pongwe

Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ikishamiminwa na kashata zikishagawanywa, kuna kijana ambaye kazi yake ni kutusomea simu. Siasa hasomi, anasema zinamtia uvivu. Anachopenda ni mpira na matajiri. Jarida la Forbes lilipotoa orodha yake ya mabilionea ya mwaka 2025 alituchambulia weusi peke yao: Aliko Dangote wa Nigeria, dola bilioni 23.9, David Steward wa Marekani, bilioni 11.4, Robert F. Smith, naye wa huko huko, bilioni 10.8. Chini zaidi wakaja Michael Jordan, Patrice Motsepe, Oprah Winfrey, Rihanna. Kwa Rihanna watu walichangamka. Kwa Steward, aliyewapita wote isipokuwa mmoja, hakuna aliyeinua kichwa. Mtu anayeuzia makampuni mitambo na huduma za kompyuta, nani atamwimba?

Mzee mmoja aliyekuwa kimya pembeni akauliza, "Huyo Dangote ndiye wa saruji ya Mtwara?"

"Ndiye, ami."

"Basi mwambieni apunguze bei. Nina ukuta wangu umesimama tangu Mfunguo Sita."

Tukacheka, kijana akaendelea na tarakimu zake. Lakini neno la mzee halijanitoka mpaka leo, kwa sababu liligusa jambo ambalo orodha haina nafasi ya kuliandika. Orodha inasema fulani ana kiasi gani. Haisemi kama alikipata mahali ambapo mwingine angeweza kusimama mbele yake na kuuza kwa bei nafuu zaidi. Dangote ni mfano mzuri wa kulipima hilo, maana mtu huyo huyo, na saruji hiyo hiyo, ameuza katika masoko mawili yenye masharti tofauti kabisa. Sisi watu wa Tanga, wenye kiwanda cha saruji ya Simba pale Pongwe, tulikuwa upande mmoja wa mizani hiyo.

Nianze na tarakimu zenyewe, kwani zinapotosha kuliko watu wanavyodhani. Dangote aliingia Forbes mara ya kwanza mwaka 2008 akiwa na dola bilioni 3.3. Mwaka 2014 alifika bilioni 25, akawa wa 23 duniani. Mwaka mmoja baadaye, bilioni 14.7. Mwaka 2020, bilioni 8.3. Kisha hiyo 23.9 ya 2025. Mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo, na ukizisoma tarakimu hizi zimefuatana utasema zilizaliwa hapa. Mtu asiyejua atadhani bwana huyu ni mcheza kamari.

Kumbe miaka yote hiyo matanuri yake ya saruji ya Obajana, katika jimbo la Kogi nchini Nigeria, yalikuwa yanawaka. Forbes inachukua bei ya hisa za Dangote Cement katika soko la Lagos, inazidisha kwa hisa anazomiliki, halafu inagawanya kwa thamani ya naira dhidi ya dola. Hapo pa kugawanya ndipo mali inapoyeyukia. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kama naira 160. Juni 2016 naira ikaachiwa ishuke, Juni 2023 ikaachiwa tena, na mwaka 2024 dola ilivuka naira 1,500. Mtu anaweza kuuza saruji zaidi kila mwaka, akazidi kutajirika kwa naira, na bado orodha ya dola ikamwonyesha anazama. Na kule kupaa kwa 2025, kutoka bilioni 13.4 hadi 23.9? Hakufungua duka jipya mwaka huo. Ni Forbes iliyoamua kukiweka kiwanda chake cha kusafisha mafuta kwenye mizani kwa mara ya kwanza. Bilioni kumi na nusu zilitoka kwenye kalamu.

Kwa hiyo wanaomcheka akishuka na wanaompigia vigelegele akipanda, mara nyingi wanaizungumzia naira bila kujijua.

Wapo waliolikwepa tatizo hilo kwa kuuza mapema. Msomaji wa umri wangu anaikumbuka Celtel, ile iliyogeuka Zain kisha Airtel. Mwanzilishi wake ni Mo Ibrahim, Msudani, aliyeianza mwaka 1998, na mwaka 2005 ikauzwa kwa Wakuwait kwa dola bilioni 3.4. Robert Johnson aliuza televisheni yake ya BET kwa Viacom, mwaka 2001 akatajwa kuwa bilionea wa kwanza mweusi wa Marekani, na baadaye akatoka kwenye orodha. Wengine mali yao iliegemea mlango wa mtawala. Isabel dos Santos aliitwa mwanamke tajiri kuliko wote Afrika wakati baba yake akiwa rais wa Angola. Baba akaondoka madarakani 2017, mwisho wa 2019 mahakama ikazuia mali za binti nchini humo, na 2021 Forbes ikamfuta. Mohammed Al Amoudi, mzaliwa wa Ethiopia, ambaye kabla ya zama za Dangote ndiye aliyekuwa akitajwa kuwa mweusi tajiri kuliko wote, alikamatwa Riyadh Novemba 2017 pamoja na wana wa wafalme, akaachiwa Januari 2019.

Na "mweusi" mwenyewe ni nani? Al Amoudi baba yake alikuwa Myemeni, na alihesabiwa. Alex Karp wa Palantir, kampuni ya programu za kompyuta ya Marekani, mama yake ni Mmarekani mweusi, naye yumo. Mohammed Dewji amezaliwa Singida, kampuni yake ina mashamba ya mkonge humu mkoani kwetu, yumo katika orodha ya Waafrika lakini ya weusi hayumo. Sisi wa pwani hesabu ya namna hii inatuchekesha kidogo. Tippu Tip, ambaye Wazungu waliokutana naye walimwandika kuwa mtu mweusi, na ambaye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa zama zake. Barazani hakuna anayemsoma kwa fahari, na sababu inajulikana: pembe zake zilibebwa na watu waliokuwa wenyewe bidhaa. Hata yeye, nyuma ya misafara yake kulikuwa na mkopo wa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Mansa Musa wa Mali namwacha. Kwamba mwaka 1324 alimwaga dhahabu Kairo hata bei yake ikashuka, hilo limeandikwa na watu wa zama hizo. Ile "dola bilioni 400" aliyobandikwa na tovuti moja ya watu mashuhuri mwaka 2012 ni hesabu ya kubuni.

Nirudi kwenye fahari, maana kuna wasomi wanaoikejeli. Wanauliza, bilioni za mtu wa Kano, huko Nigeria, zinamhusu nini muuza samaki wa Deep Sea? Swali ni la haki, ila nadhani wanaouliza hivyo hawakukulia Tanga.

Mji huu ulijengwa kwa mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipanda Kikogwe, karibu na Pangani, miche 62 iliyosalimika safarini kutoka Florida. Kufikia 1964 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Majumba ya Raskazone, reli, gati, vyote vina kamba ya mkonge ndani yake. Wenye mashamba walikuwa Wajerumani, kisha Waingereza, Wagiriki, Wahindi. Mweusi alikuwa manamba, ameletwa kutoka Kigoma au mbali zaidi, ana kipande chake mfukoni, anakata majani mpaka siku zitimie. Nailoni ikaja ikabomoa bei. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na mmiliki mweusi wa kwanza tuliyemwona alikuwa serikali.

Ndiyo maana Oktoba 2015, Rais Kikwete alipozindua kiwanda cha Dangote Mtwara, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kuna kitu kiliwagusa watu ambacho mchumi hana kipimo chake. Mwenye kiwanda alikuwa mweusi, na hakuwa serikali. Mimi pia nilikihisi, sitakanusha. Ila wale wanaozunguka kwenye semina wakisema Dangote "alianza na mkopo wa mjomba tu" wangeongeza kwamba baba wa babu yake, Alhassan Dantata, mfanyabiashara wa karanga na kola aliyefariki 1955, alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Afrika Magharibi. Mjomba hakumkopesha kijana wa mtaani.

Sasa tuyatazame masoko yenyewe.

Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya saruji yake kutoka nje, na Dangote alikuwa mmoja wa waagizaji wakubwa. Mwaka 2002 serikali ya Obasanjo ikaja na sera: atakaye kibali cha kuagiza, ajenge na kiwanda nchini. Dangote akajenga, na kwa ukubwa ambao wenzake hawakuthubutu. Ndani ya miaka kumi nchi ikaanza kujitosheleza. Watetezi wa sera hiyo wana hoja nzito, nami naikubali: hakuna mwenye akili angezika mamia ya mamilioni ya dola kwenye mawe ya chokaa ya Kogi huku meli za saruji rahisi zikitia nanga Lagos kila wiki. Bila kinga kiwanda kisingekuwepo. Korea na Japani nazo zililea viwanda vyao kwa kinga.

Tatizo la mtoto wa kulelewa ni siku ya kumwachisha ziwa. Saruji ya nje ilizuiwa, na soko la nchi ya watu zaidi ya milioni 200 likabaki mikononi mwa makampuni matatu: Dangote, Lafarge Africa na BUA ya Abdulsamad Rabiu, bilionea mwingine wa Kano. Kuna miaka ambayo faida ya Dangote Cement nchini Nigeria, kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mitambo, ilikaribia asilimia 60 ya mauzo. Soma tena: katika kila naira 100 za mauzo ya kiwanda, karibu 60. Benki ya Dunia ilipochapisha ripoti yake ya ushindani barani Afrika mwaka 2016, saruji ilitajwa wazi miongoni mwa bidhaa ambazo Mwafrika huzilipia kuliko watu wa mabara mengine.

Wanaomtetea husema umeme anazalisha mwenyewe, barabara mbovu, vipuri vinanunuliwa kwa dola. Yote kweli. Lakini gharama kubwa hula faida. Mtu hawezi kulia gharama kwa jicho moja na kubaki na sitini katika mia kwa jicho la pili.

Oktoba 2023 Rabiu alijaribu kushusha bei ya kiwandani hadi naira 3,500 kwa mfuko. Mawakala wakaendelea kuuza kwa 7,000 na zaidi, tofauti wakatia mfukoni, na baadaye akasema ameachana na mpango huo. Kisa hiki kinanizuia kumtupia Dangote lawama zote peke yake. Soko likishakuwa la wachache, hata mmoja wao akitaka kuwa mwema, wema wake unaishia njiani.

Mtwara Dangote alikuja kama mgeni. Alikuta viwanda vya saruji vya wenzake: Twiga wa Wazo, Simba wa Pongwe aliyeanza mwaka 1980, Tembo wa Mbeya, na wengine wadogo. Ushuru wa kuzuia saruji ya nje ulikuwepo, lakini uliwakinga wote, haukumkinga yeye dhidi ya hao. Silaha yake ikawa bei, na malori yake mengi. Bei ya mfuko ikaanguka nchi nzima. Wakati ule msingi wangu Kange ulikuwa umeota majani kwa miaka mitatu. Fundi akanipigia simu mwenyewe, jambo ambalo mafundi hawana kawaida nalo, akaniambia, "Bosi, sasa hivi ndiyo wakati, usije ukajuta." Nikaifunga lenta mwaka huo.

Furaha yangu lakini ililipiwa na mtu mwingine, na mtu huyo ni jirani. Tanga Cement, ndio wenye Simba, walikuwa wamekopa fedha nyingi kujenga tanuri la pili Pongwe, likakamilika mwaka 2016, wakati bei imeshaporomoka. Hesabu za kampuni zikaingia kwenye hasara. Waliokuwa na hisa zake, na mji huu una wastaafu waliozinunua kama akiba ya uzee, wakaacha kuona gawio. Dangote naye hakulala usingizi wa Obajana: alikuwa akiendesha mitambo kwa dizeli, serikali ikapiga marufuku makaa ya mawe ya kutoka nje, na mwishoni mwa 2016 kiwanda chake kikasimama kwa muda. Baadaye kikaunganishwa na gesi asilia ya huko huko Mtwara. Tajiri namba moja wa weusi duniani alitoka jasho Tanzania kama mwekezaji mwingine yeyote, na katika kipindi hicho cha jasho ndipo mjenzi wa kawaida alipofaidi zaidi.

Nikiwekewa mizani, naegemea upande wa mjenzi. Wanaonunua mfuko mmoja mmoja ni wengi kuliko wenye hisa, na hawana mkutano mkuu wa kwenda kulalamikia. Ila simlaumu mstaafu wa Chumbageni akinitazama vibaya kwa kusema hivyo.

Hisia zangu hugawanyika zaidi nikifika kwenye mafuta. Kiwanda cha Dangote cha Lekki, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilichogharimu karibu dola bilioni 20, kilianza kutoa dizeli Januari 2024 na petroli Septemba mwaka huo. Kilikuja kufuta aibu ya miaka mingi: nchi inayouza mafuta ghafi kwa wingi lakini inaagiza petroli. Nikienda Chongoleani, ambako bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia, na kukumbuka kuwa kilichopangwa pale ni kupakia ghafi melini liende likasafishwe kwingine, natamani tungekuwa na Dangote wetu. Kisha nakumbuka kwamba mwaka huo huo wa 2024 kampuni yake ilikwenda mahakamani Abuja kuomba leseni za wenzake za kuagiza mafuta zifutwe. Kesi iliondolewa 2025, lakini nia ilishaonekana. Nikiyakumbuka hayo, meli za petroli zinazotia nanga bandarini kwetu naziona kwa jicho la upole zaidi.

Na Pongwe kwenyewe mambo hayajatulia. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, wenye Twiga, wanainunua Tanga Cement. Mwaka 2022 Baraza la Ushindani likatengua idhini iliyokuwa imetolewa, hoja kubwa ikiwa kwamba Twiga na Simba wakiungana wangevuka asilimia 35 ya soko, kiwango ambacho sheria yetu wakati ule ilikihesabu kuwa ni kulitawala soko. Mwishoni mwa 2023 mauzo yakapita hata hivyo, na mwaka 2024 Scancem wakawauzia Amsons, kampuni ya Kitanzania. Amsons hao hao wamechukua na kiwanda cha Mbeya, na Desemba 2024 wakaichukua Bamburi ya Kenya. Mtaani watu walifurahi kwamba Simba amerudi kwa mwenye nchi, nami nilifurahi nao. Swali langu ni kama tutapata Dangote wa Mtwara au Dangote wa Obajana, na jibu liko kwa wale wanaokaa na lile faili la asilimia 35 kuliko lilivyo kwa tajiri mwenyewe. Tajiri popote atachukua anachoachiwa.

Juzi nilipita duka la vifaa vya ujenzi Kange, nahitaji mifuko sita ya lipu. Simba ilikuwa imepangwa upande wa mlango, imetoka Pongwe, baiskeli inafika. Dangote imepangwa nyuma yake, imesafiri karibu kilomita 900 kutoka Mtwara. Muuzaji akaniuliza nataka ipi. Nikamwambia anitajie kwanza bei ya zote mbili.